Kikao cha wasomaji kikipoa, angalia swali la kwanza

"Mmekionaje kitabu?" ni swali linaloua kikao. Jibu lake ni "kizuri", kisha watu wanainamia simu. Uliza kitu chenye mahali pake ndani ya kitabu: "Fungueni sura ya tatu, pale mama anapoificha barua. Wewe ungeificha?" Hapo hata aliyesoma nusu ana la kusema.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Viongozi wengi hushindwa hapa: kimya kidogo tu kinawatisha, wanajijibu wenyewe, na wenzao wanazoea kwamba wakikaa kimya watatafuniwa. Kumi zikipita bila neno, wape dakika mbili wazungumze wawili wawili, halafu waulize wamesemezana nini. Mwenye haya humwambia jirani kwanza. Akiona hajachekwa, anathubutu mbele ya wote.

Kaeni duara, kwenye viti au mkekani. Mkikaa safu kama darasani, kila mtu anamjibu kiongozi badala ya mwenzake. Sita hadi kumi wanatosha; wakizidi, wagawe.

Anayesema sana asikatishwe kwa ukali: "Ahsante kaka, la barua tumelipata. Dada hapo pembeni, wewe unalionaje?" Na kama yupo mzee anayeheshimika, asifungue yeye mjadala, maana akishatoa msimamo vijana hawatampinga. Mwombe kabla ya kikao, kwa adabu na kwa sababu hiyo hiyo, azungumze wa nne au wa tano.