Kuanza Old School RuneScape leo: mwongozo kwa aliyechelewa

Swali la kwanza la kila mgeni ni kama gemu hii imeshakufa. Haijafa. RuneScape, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi, ilitoka Januari 2001 kutoka kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Old School yenyewe ilifunguliwa Februari 2013, baada ya Jagex kufufua nakala ya gemu iliyohifadhiwa Agosti 2007. Tangu 2018 inachezwa pia kwenye simu. Sura za wahusika bado ni za pembe pembe na miti ni kama imekatwa na makasi, kwa hiyo kama unachotafuta ni picha nzuri, usijisumbue. Lakini vitu vipya vinaingia kila mwaka, na mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji. Yasipopata asilimia 70 hayaingii. Novemba 2025 umeongezwa ujuzi wa 24, wa kusafiri baharini.

Tatizo la mgeni ni jingine kabisa. Anashuka Lumbridge, mji wa kuanzia, anaona mtu kavaa joho la leveli 99, naye anaanza kukata miti hadi usiku wa manane ili amfikie. Hesabu yake ni hii: leveli 99 ya ujuzi mmoja ni XP (pointi za uzoefu) 13,034,431, na ukifika leveli 92 ndiyo kwanza uko nusu ya njia. Aliyetangulia miaka kumi humfikii kwa kukesha. Ila kuna mlango wa pembeni ambao wageni wengi huupita bila kuuona: misheni, yaani quest. Misheni moja ya nusu saa inaweza kukupa XP ambazo ungezitafuta siku nzima kwa kupiga kuku. Mwezi wa kwanza, fuata misheni na leveli zitakuja zenyewe.

Kabla ya kuingia

Hakikisha unapakua gemu sahihi. Ziko mbili zinazoishi pamoja: RuneScape ya kawaida, ambayo mfumo wake wa mapigano ulibadilishwa kabisa mwaka 2012, na Old School RuneScape. Mhusika wa huku haendi kule, ingawa uanachama wa kulipia ni mmoja kwa zote mbili. Mwongozo huu ni wa Old School.

Kwenye kompyuta, wengi hutumia RuneLite, programu ya bure ya kuchezea gemu hii, inayoruhusiwa na Jagex. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, si kwenye tangazo la juu la utafutaji. Matangazo ya uongo ya RuneLite yameiba akaunti nyingi. Ukishaiweka, ingia sehemu ya nyongeza uweke Quest Helper, itakayokuchorea mshale wa wapi pa kwenda katika kila hatua ya misheni. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mgeni asiyejua hata kinu cha unga kiko wapi asiwasikilize.

Sasa suala la mtandao. Gemu nzima inaenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, seva inasubiri kila pigo ndipo itekeleze ulichobonyeza. Ndiyo maana mtu wa Mwanza au Mombasa anayecheza kwenye seva ya Uingereza au Ujerumani hapati shida kubwa: kuchelewa kwa robo sekunde kunamezwa na pigo. Kwenye orodha ya seva utaona bendera ya nchi, na RuneLite inaweza kukuonyesha pingi (muda wa kuchelewa) ya kila moja. Chagua iliyo ndogo uizoee hiyo. Kinachoumiza zaidi ni mtandao kukatika. Simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda kwenye bando ukiwa katikati ya vita, mhusika wako hapotei papo hapo. Anabaki amesimama anapigwa. Mafaili ya mwanzo yapakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Baada ya hapo si gemu ya kumaliza bando.

Fungua akaunti kwa barua pepe ambayo nenosiri lake hulitumii popote pengine, washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyo hiyo, kisha ukifika benki ya kwanza ndani ya gemu weka PIN ya tarakimu 4. Utaulizwa pia kama unataka kuwa Ironman, yaani mchezaji asiyenunua wala kuuziana na wengine. Kataa kwa sasa. Ni njia tamu kwa anayejua kila kitu kinapatikana wapi.

Saa za mwanzo Lumbridge

Ukimaliza kisiwa cha mafunzo unatua Lumbridge. Usiende kwa kuku bado. Ingia ngome, nenda jikoni, ongea na mpishi: ndiyo misheni iitwayo Cook's Assistant. Anataka yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga. Yai liko chini kwenye banda la kuku. Maziwa unakamua kwa ndoo tupu, tena kwa ng'ombe wa maziwa tu. Hao wengine ni wa kupigwa. Wageni hukwama kwenye unga. Chuma ngano shambani, panda kinu hadi ghorofa ya juu, weka ngano kwenye faneli, vuta mtaimbo, halafu shuka hadi chini ukiwa na chungu kitupu. Aliyesahau mtaimbo anakuta pipa tupu, na aliyesahau chungu anaona unga asioweza kuuchota. Zawadi ni XP 300 za upishi, pointi moja ya misheni, na ruhusa ya kutumia jiko la mpishi, ambalo huunguza chakula kidogo kuliko moto wa kuni. Kamba unaowavua kwa wavu mdogo pwani kusini ya Lumbridge wapikie hapo, ndio watakuwa chakula chako cha vita.

Kwa silaha, tafuta kitara, kile kinachoandikwa scimitar. Sababu ni mapigo yale yale: kitara hupiga kila mapigo 4, yaani sekunde 2.4, wakati upanga wa mikono miwili husubiri mapigo 7, sekunde 4.2. Mgeni huuona ule mkubwa akadhani ndio wenye nguvu. Kwa mazoezi, kitara kinaushinda. Duka la Zeke mjini Al Kharid linauza cha chuma kwa sarafu 112 na cha steel (chuma cha pua) kwa 400. Hicho cha steel kinadai leveli 5 ya Attack (ujuzi wa kushambulia). Ukifika leveli 20, chukua cha mithril kwa 1,040.

Kisha fungua kichupo cha mapanga yaliyopishana. Hapa ndipo watu hupoteza saa nyingi bila kujua. Ukiwa na kitara, Chop inalea Attack, Slash inalea Strength (nguvu), Block inalea Defence (ulinzi), na Lunge inagawa XP kwa zote tatu. Kila alama ya madhara unayompa adui ni XP 4, basi amua mwenyewe zinaenda wapi. Ukibadilisha silaha angalia tena, kwa sababu mpangilio wa vitufe haufanani kwa silaha zote. Kuku ana uhai 3, ng'ombe 8. Kuku ni wa dakika chache tu, kisha hamia kwa ng'ombe.

Njia ya Varrock na wachawi wake

Wageni wengi hufa mara ya kwanza njiani kutoka Lumbridge kwenda Varrock. Kusini kidogo ya lango la mji kuna duara la mawe lenye wachawi wa giza (dark wizards), wa leveli 7 na 20, na hawasubiri uwachokoze. Adui mkali hukuacha pale leveli yako ya mapigano inapozidi mara mbili ya yake; kwa wale wa leveli 20 ina maana uwe 41. Kabla ya hapo, usipite barabara ya kusini. Zunguka mashariki, upite kwenye machimbo, uingie Varrock kwa lango la mashariki. Ukifa hata hivyo, vitu vyako hukaa kaburini dakika 15. Rudi moja kwa moja, usianze kwanza kuuliza watu.

Kaskazini magharibi ya Varrock ndiko liliko soko kuu, Grand Exchange. Unaweka bei yako, gemu inakutafutia mnunuzi au muuzaji. Akaunti ya bure ina nafasi 3 za oda. Muuzaji hukatwa asilimia 2, isipokuwa kwa vitu vya bei ndogo sana. Lakini akaunti mpya imefungwa isiuze bidhaa kadhaa za kawaida hadi itimize mambo matatu: saa 20 za kucheza, jumla ya leveli 100, na pointi 10 za misheni. Masharti hayo yapo kwa ajili ya roboti, na mgeni huumia nayo akidhani gemu imeharibika. Hizo pointi 10 ni misheni mbili tu: Romeo & Juliet ina pointi 5 na haina vita hata kidogo, na Goblin Diplomacy ina 5 nyingine. Hiyo ya pili inataka mavazi matatu ya goblin, rangi ya chungwa na rangi ya buluu.

Misheni nyingine mbili za bure usiziache. Vampyre Slayer inatoa XP 4,825 za Attack, zinazotosha kukutoa leveli 1 hadi 20 kwa kumuua adui mmoja wa leveli 34. Beba nyundo, kigingi, kitunguu saumu na chakula. The Knight's Sword inatoa XP 12,725 za uhunzi, yaani kutoka leveli 1 hadi 29. Inataka Mining (uchimbaji) leveli 10, pai ya redberry na vipande viwili vya chuma. Kwenye pango la barafu usipigane na majitu. Kimbia, chimba, toka.

Mtaji wa kwanza uko kijiji cha Barbarian, magharibi ya Varrock, ndani ya Stronghold of Security. Milango yake inakuuliza maswali ya usalama wa akaunti, na masanduku ya ghorofa tatu za kwanza yanatoa 2,000, 3,000 na 5,000. Ya nne inatoa viatu. Jaza mkoba chakula, kimbia hadi kwenye sanduku, usipoteze muda kupigana na kila kitu.

Watakaokujia na maneno matamu

"Nipe sarafu zako nikurudishie mara mbili." Ni wizi. "Nikupambie silaha yako." Wizi. "Twende nikuonyeshe mahali pazuri," halafu mnavuka mtaro kaskazini: ni mtego. Juu ya mtaro huo ni Wilderness, ambako wachezaji wanauana. Ukifa huko kwa kawaida unabaki na vitu vyako 3 vya thamani zaidi, na ukimshambulia mwenzako asiye na fuvu kichwani (alama ya mshambuliaji) unapata fuvu wewe, na hata hivyo vitatu vinaondoka. Ikibidi kwenda, nenda na usichoogopa kukikosa. Sarafu zinazouzwa nje ya gemu usinunue, ni kosa la kufungiwa akaunti.

Kulipia, na siku ulipie

Usilipie siku ya kwanza. Upande wa bure una ujuzi 15 na kona ndogo ya ramani. Umalize hadi uanze kuona kuta. Ukilipa, lipa mwezi mmoja. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa au malipo ya duka la simu yanaweza kufanya kazi, lakini zima kujirudia kwa malipo mara tu baada ya kulipa. Kuna pia bondi ya siku 14, inayouzwa sokoni kwa mamilioni ya sarafu za gemu. Kwa mgeni hiyo ni kazi ya ziada isiyomfaa.

Siku ya kwanza ya uanachama fanya Waterfall Quest. Haidai leveli yoyote, na inatoa XP 13,750 za Attack na 13,750 za Strength, zinazokutoa leveli 1 hadi 30 katika zote mbili. Unahitaji kamba, chakula, na rune (mawe ya uchawi) 6 za hewa, 6 za maji na 6 za udongo. Makosa yake ni matatu na yanajirudia. La kwanza: kaburi la Glarial halikuruhusu kuingia na silaha, mavazi ya vita wala rune, basi ziache benki kabla hujafika. La pili: kurudi kwenye maporomoko bila kuvaa mkufu uliotoa kaburini, mlango ukifunguliwa maji yanakusomba. La tatu ndilo baya. Ukishaweka rune kwenye nguzo na mkufu kwenye sanamu, usibonyeze kikombe. Chagua chungu cha majivu kwanza, kisha kitumie juu ya kikombe. Ukibonyeza kikombe chenyewe chumba kinafurika, nawe unaelea mtoni ukiwa na rune sifuri.

Kutoka hapo nenda Tree Gnome Village, kisha Fight Arena: Attack nyingine 11,450 na 12,175. Kwenye zote mbili tafuta pa kusimama ambapo adui hawezi kukufikia, na upige kwa upinde au uchawi.