Alaina au vyuma? Hesabu kwanza saa zako za kula

Mtu mzima anayetaka kupangwa meno, kwa vyuma au kwa alaina (plastiki angavu inayovikwa juu ya meno na kuvuliwa), huanza na swali la sura: nitaonekanaje ofisini? Swali hilo lina haki yake, ila si la kwanza. La kwanza ni fizi, la pili ni kazi yenyewe inayotakiwa mdomoni, na la tatu ni mara ngapi kwa siku unatia kitu mdomoni. Kwa Dar, hilo la tatu ndilo huamua mengi.

Jino husogea kwa kuwa mfupa unaolishika huyeyuka upande linakosukumiwa na kujijenga upande linakotoka. Fizi zikiwa zinatoka damu na ugaga umejificha chini yake, kulisukuma jino ni kulilegeza. Kwa hiyo kabla ya yote: ugaga usafishwe, matundu yazibwe, eksirei ya taya zima ipigwe, na daktari apime kina cha ufizi kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. 4 na zaidi pamoja na damu, fizi zitibiwe kwanza. Anayetaka kukubandikia vyuma leo hii bila vipimo hivi, mshukuru uondoke. Uliza pia kama ni bingwa wa kupanga meno au daktari wa meno wa kawaida, na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Sasa kazi yenyewe. Alaina huvaliwa moja baada ya nyingine, na kila moja husogeza jino kama robo milimita tu. Jino linalotakiwa kusogea milimita 3 linahitaji angalau alaina 12. Ukibadilisha kila baada ya siku 14, ni wiki 24. Plastiki hiyo inafanya vizuri kwenye meno yaliyobanana kiasi, nafasi za kawaida, au jino lililoinama. Inapata shida kuzungusha chonge au magego madogo ya chini, kwa sababu ni ya duara na hayana pa kushika. Inapata shida pia kulivuta jino lishuke, na kuziba pengo la jino lililong'olewa bila mizizi kuinama. Kwa kazi hizo vyuma bado ni bora: braketi, kile kipande kidogo kinachoshika waya, imegandishwa kwenye jino na waya unalivuta kutoka pande zote. Kwa vyovyote vile, kesi nyingi za watu wazima huchukua miezi 12 hadi 24.

Usidhani alaina haionekani kabisa. Mara nyingi daktari hubandika vinundu vidogo vyenye rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika, na huenda akapunguza pembeni mwa meno kidogo sana, chini ya nusu milimita kila mahali, kupata nafasi. Muulize vinundu vitakaa meno yapi. Na kama umekulia Arusha au Kilimanjaro na meno yana rangi ya kahawia kwa ajili ya floridi ya maji, mwambie mapema: braketi na vinundu hung'oka kirahisi zaidi kwenye meno hayo, naye ataliandaa jino kwa namna tofauti kabla ya kubandika.

Halafu saa. Alaina huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na hutolewa kwa kila kitu isipokuwa maji. Chukua karatasi uandike siku yako ya kweli. Chai ya asubuhi dakika 20, chai ya saa nne na vitumbua 20, wali wa mchana 35, juisi ya miwa njiani 15, chakula cha usiku 35. Jumla 125. Ongeza dakika 5 za kupiga mswaki kila mara: 150, yaani umevaa saa 21 na nusu. Safi. Sasa ongeza saa moja ya kahawa na kashata barazani: umebaki na saa 20 na nusu. Kikao kimoja cha harusi na umeshatoka nje. Asiyeweza kuacha kutafunatafuna achague vyuma, maana vyuma havina mtu wa kuvisahau kwenye tishu mezani. Mfungo wa Ramadhani kwa kweli humrahisishia mvaaji wa alaina mchana kutwa. Hatari iko kati ya futari na daku.

Vyuma navyo vina adui zake. Mahindi ya kuchoma, miwa, mifupa na kokwa za ubuyu hung'oa braketi. Binzari ya manjano, kama ya urojo, huipaka rangi mipira midogo inayofunga waya, hasa kwenye braketi za rangi ya jino. Waya ukichoma shavu, kausha hapo, finyanga nta ya vyuma vya meno kiasi cha punje ya njegere na uifunike, kisha mpigie daktari. Usiukate mwenyewe, kipande kinaweza kumezwa.

Kwa alaina, kosa la kawaida ni kutoibana ikakaa. Ukiivaa, tafuna kiraba laini cha kuibana dakika chache, jino kwa jino. Ukiona uwazi kati ya ukingo wa plastiki na ncha ya jino haupungui baada ya siku mbili tatu, usihamie inayofuata, mwambie daktari. Itoe kuanzia magego ya ndani, sio mbele, la sivyo itapasuka. Ioshe kwa maji ya baridi: maji ya moto na gari lililoegeshwa juani Kariakoo huipinda. Tunza daima ile ya nyuma, ndiyo utakayovaa ukipoteza mpya, hasa kama zinatengenezwa nje ya nchi.

Mwanya wa mbele ukitaka ubaki, sema siku ya kwanza. Kompyuta inayopanga matibabu na bingwa wote huona nafasi na kuiziba, na wapo waliorudi wakilia mwanya wao.

Kwenye bei, omba iandikwe: eksirei, alaina za marekebisho ya mwisho (karibu kila mtu huzihitaji), braketi zitakazong'oka, na riteina (kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka). Linganisha jumla, sio malipo ya kuanzia. Foleni nayo ni gharama: vyuma hukutaka kliniki kila wiki 4 hadi 8, alaina mara nyingi kwa nafasi ndefu zaidi, ila braketi ikitoka hakuna kusubiri miadi.

Riteina huvaliwa usiku kwa miaka yote unayotaka meno yabaki pale, au unabandikwa waya mwembamba nyuma ya meno sita ya mbele ya chini. Ukiacha mwezi mmoja na ikaanza kubana unapoivaa, meno yameshaanza kurudi; usiilazimishe, nenda ikaangaliwe wiki hiyohiyo.