Somo: Jinsi ya kuitambua Português, sarafu kubwa ya dhahabu ya mfalme Manuel

Wakuu, habari zenu. Picha za sarafu nene zenye msalaba haziishi humu, na swali ni lile lile: "Hii ni utajiri?" Leo tulimalize.

Português ilikuwa na thamani ya cruzado 10, yaani sarafu ndogo za dhahabu za Ureno. Ilianza kupigwa Lisbon mwaka 1499, Vasco da Gama akiwa ndiyo kwanza amerudi kutoka India. Mfalme wa Ureno alikuwa Manuel I. Mwanawe João III akaiendeleza hadi 1538. Baada ya hapo zilirudishwa na kuyeyushwa, ndiyo maana ni adimu. Dhahabu ya Wareno ilitoka hasa Mina, Ghana ya leo. Kilwa nayo ilitozwa dhahabu na da Gama mwaka 1502, ila dhahabu ile ilitengenezewa Custódia de Belém, chombo cha kanisa kilichokamilika 1506 na kinachoonekana makumbusho ya Lisbon hadi leo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia sarafu yake ni "dhahabu ya Kilwa", shika pochi yako.

Hatua ya 1: Pima uzito. Iwe gramu 35 na ushee, upana kama milimita 35. Ikiwa gramu 20, hii siyo.

Hatua ya 2: Jaribu kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Dhahabu safi namna hii (karibu karati 24) itasoma kati ya gramu 1.8 na 1.9. Shaba iliyopakwa dhahabu yenye uzito huo huo itapita 3.5. Jaribio hili halina gharama na linaondoa kopi nyingi.

Hatua ya 3: Soma maandishi. Upande mmoja una ngao yenye taji, na maneno yamezunguka kwa duara mbili. Tafuta EMANVEL, au IOANES kwa sarafu za mwanawe. Duara la ndani linataja ETIOPIE, ARABIE, PERSIE: mfalme anajitangaza bwana wa biashara na bahari ambazo meli zake ndiyo kwanza zimezifikia. Hakuwa na haya yule! Upande wa pili ni msalaba na IN HOC SIGNO VINCES, yaani "kwa ishara hii utashinda". Ukikuta jina la Hamburg, umeshika Portugalöser, mwigo wa Kijerumani wenye thamani ya dukati 10 (dukati ni sarafu ya dhahabu ya Ulaya). Usiitupe, nayo ina wateja wake.

Hatua ya 4: Kagua majeraha, na USISUGUE. Sarafu kubwa hivi zilivaliwa shingoni, hivyo tafuta kwa lenzi tundu lililozibwa: herufi hukatika ghafla, na rangi ya pale hutofautiana kidogo. Tundu lililozibwa hushusha bei vibaya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, sonara wa mtaani kanipa bei ya gramu. Nichukue?
Usichukue, ndugu yangu. Bei ya gramu ni ya kuyeyusha. Português halisi mnadani huuzwa mara nyingi zaidi ya dhahabu iliyomo. Ipeleke kwa nyumba ya mnada wa sarafu, pamoja na karatasi yoyote inayoonyesha ilikotoka.

Mkuu, nimeona moja mtandaoni imechorwa 1499, dola 40 tu.
Português haina mwaka popote. Ukiuona mwaka, hiyo ni kopi. Na hiyo dola 40 hainunui hata gramu zake chache.

Niko Muscat. Ni kweli zinapatikana baharini?
Kweli. Oman, karibu na kisiwa cha Al Hallaniyah, waliokoa cruzado za dhahabu kwenye mabaki ya meli ya Wareno iliyozama 1503. Namibia mwaka 2008 machimbo ya almasi yaliibua Bom Jesus, meli ya Wareno iliyozama 1533 na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, zikiwemo Português za João III. Hazikugawanwa kwa waliozikuta, zilikwenda serikalini. Ukiokota kitu, toa taarifa kabla hujakitangaza humu.

Je, jaribio la maji linaweza kudanganywa?
Linaweza, kwa tungsteni, metali ambayo uzito wake kwa ujazo ule ule unakaribiana sana na wa dhahabu. Ndiyo maana hatua ya 3 hairukwi.