Kuunda prosesa ya RISC-V ndani ya FPGA: PicoSoC kwenye bodi ya iCEBreaker

Chipu ya iCE40UP5K iliyo kwenye bodi ya iCEBreaker ni FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe, na haina prosesa. Ukiitaka, unaiunda mwenyewe kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi. Kwa anayeanza napendekeza PicoRV32, prosesa ya biti 32 iliyoandikwa na Claire Wolf kwa kufuata RISC-V (seti huria ya maagizo ya prosesa), pamoja na PicoSoC, mfumo mdogo unaoizunguka. Zana zote ni za bure, na msimbo wa prosesa hii ni mfupi kiasi kwamba unaweza kuusoma wote ukauelewa.

1. Zana. Pakua OSS CAD Suite. Ndani yake mna yosys, nextpnr, icepack (inayotengeneza faili la kupakia) na iceprog (inayolipakia kwenye bodi). Kompaila ya RISC-V, inayogeuza C kuwa maagizo ya prosesa, haimo, kwa hiyo kwenye Ubuntu sakinisha `gcc-riscv64-unknown-elf`. Usitishwe na hiyo 64, inatoa msimbo wa biti 32 vilevile.

2. Kuunda na kupakia. Chomeka bodi, kisha:

```
git clone https://github.com/YosysHQ/picorv32
cd picorv32/picosoc
make CROSS=riscv64-unknown-elf- icebprog
```

Maandishi mengi yatapita. Yosys inageuza Verilog kuwa saketi, nextpnr inaipangia nafasi ndani ya chipu. Tafuta mstari wenye `Max frequency`, yaani kasi ya juu ambayo saketi inaweza kuhimili: saa ya bodi ni MHz 12, kwa hiyo namba hiyo isipungue hapo. Ikipungua, prosesa inaweza kuwaka na bado ikakokotoa vibaya, na utahangaika kutafuta hitilafu kwenye C wakati haipo huko.

3. Elewa kilichopakiwa. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tulia kidogo. Vimeingia vitu viwili kwenye flashi ileile (kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika): mwanzoni kabisa kuna saketi (`icebreaker.bin`), na kuanzia MB 1 kuna programu ya C (`icebreaker_fw.bin`). MB 1 ni anwani `0x00100000`, na ndiyo anwani ambayo prosesa inaanzia kusoma maagizo ikiwashwa. Ukipakia saketi bila programu, prosesa itakuwepo lakini haina la kufanya, na terminali itabaki kimya.

4. Zungumza nayo kwa picocom, programu ya terminali.

```
picocom -b 115200 /dev/ttyUSB1
```

USB ya bodi ina njia mbili. Ya pili ndiyo ya UART, mawasiliano ya maandishi kati ya prosesa na kompyuta. Bonyeza Enter, utaona menyu. Zikitoka herufi za ajabu, kagua `reg_uart_clkdiv` ndani ya `firmware.c`. Thamani yake ni 104, yaani takriban 12,000,000 kugawanya kwa 115,200. Ukibadilisha saa, ibadilishe na hiyo.

5. Badilisha kitu. Ndani ya `firmware.c`, andika salamu yako mahali pa `Booting..`, kisha:

```
make CROSS=riscv64-unknown-elf- icebprog_fw
```

Hii inapakia programu tu, saketi haiguswi, na inamalizika upesi. Rudi kwenye `icebprog` pale tu unapohariri Verilog, kwa mfano ukiongeza kifaa chako kwenye anwani za `0x03000000`, zilipo taa za bodi. Kila ukifanya hivyo, soma tena ule mstari wa `Max frequency`.