Mkoba wa ngozi wa nyuma ya siti: nilivyoshona wangu

Kwenda shule na kurudi napiga kilomita 22 kila siku juu ya baiskeli yangu nyeusi ya Phoenix, na njia zetu huku Tabora ni mchanga na miiba, kwa hiyo pancha si habari. Zamani spana na viraka nilivitia kwenye rambo nikaifunga kwenye keria. Rambo zilipopigwa marufuku mwaka 2019 nikahamia kwenye soksi kuukuu. Soksi ikatoboka, spana namba 15 ikabaki huko mchangani, ndipo nikaamua kushona mkoba wa kukaa nyuma ya siti.

Kwanza ngozi, maana hapo ndipo wengi huharibu kabla hawajashika sindano. Ngozi laini ya majaketi, iliyotengenezwa kwa kemikali za kromu, haifai kazi hii. Hata ukiilowanisha na kuikunja, ikikauka inalegea tena. Itazame pale ilipokatwa: mara nyingi ndani ni ya kijivu au samawati. Unayoitaka ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa kule Njombe. Hiyo ni kahawia mpaka ndani, inanukia mti, na ukiidondoshea tone la maji inanywa na kuwa nyeusi palepale. Unene uwe milimita 2 hadi 2.5. Kipande cha sentimita 40 kwa 40 kinatosha mkoba na mikanda yake, na mafundi viatu huwa na mabaki ya ukubwa huo. Ngozi mbichi ya buchani waachie wapiga ngoma.

Chora vipimo kwenye boksi kwanza, ukate, uujaribishe mkoba wa boksi chini ya siti. Wangu una kipande kikuu kimoja cha sentimita 18 kwa 38: mbele 10, chini 6, nyuma 10, na 12 zinazobaki ni kifuniko. Mbavu ni mbili, kila moja 8 kwa 11. Usikikate kifuniko kwa urefu wa mwisho sasa. Pembe za chini zikiviringwa hubadilisha vipimo kidogo, basi acha kipunguzwe mwishoni.

Mbavu ndizo zinazoupa mkoba umbo. Chonga kibao cha sentimita 6 kwa 10, pembe mbili za chini uzilainishe kwa msasa ziwe duara. Tumbukiza ngozi kwenye maji ya vuguvugu mpaka ikome kutoa mapovu, itandaze juu ya kibao, kisha kunja ukingo wa sentimita 1 pande tatu, upande wa juu uuache. Bana kwa vibanio vya nguo, ila weka kitambaa katikati, la sivyo alama za meno yake hazitatoka kamwe. Kausha kivulini siku 2. Mimi ubavu wa kwanza niliuanika juu ya bati kwenye jua la saa saba. Jioni ulikuwa mgumu kama chapati ya juzi na umepasuka pembeni.

Kabla ya kushona chochote, toboa kwenye kipande cha nyuma nafasi za mikanda: mbili juu za kupita kwenye vyuma vya chini ya siti, moja chini ya kuzunguka bomba la siti. Ukisahau, utakuja kukata ndani ya mkoba uliokwisha fungwa, na kisu hakitakuonea huruma.

Matundu ya mshono yawe milimita 4 kutoka ukingoni. Kifaa changu cha kupimia ni uma wa mezani. Nabonyeza, nasogeza, jino la kwanza naliingiza kwenye alama ya mwisho, nabonyeza tena. Nafasi zinatoka sawa kuliko kwa rula. Halafu natoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, wima kabisa. Msharasi ukilala, upande wa pili mshono utakwenda kama njia ya nyoka.

Mshono wa kila ubavu una sentimita 26, kwa hiyo kata uzi wa nailoni mita 1.2, uuburuze kwenye nta ya nyuki mara tatu nne. Nta kwetu Tabora haina shida. Uzi ni mmoja, sindano mbili, kila ncha na yake. Bana kazi magotini kati ya mbao mbili. Pitisha sindano moja kwenye tundu la kwanza, uvute mpaka uzi ulingane pande zote. Tundu linalofuata, ya kushoto ipite kwanza, kisha ya kulia irudi katika tundu lilelile huku ukiuvuta uzi wa kwanza kando usichomwe. Vuta kwa mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Fuata mpangilio huo bila kubadili, kushoto kwanza kila mara. Mshono wa cherehani uzi ukikatika huanza kuachia. Huu ukikatika, uzi wa pili bado umeshika kila tundu. Mwishoni rudi mishono 3, kata, choma ncha kwa kiberiti.

Bizimu za mikanda nilizitoa kwenye sandali zilizokufa. Kingo nilipiga msasa, nikazilowanisha kidogo na kuzisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka zing'ae.

Mafuta ya kupikia usipake. Mimi nilipaka ya alizeti, na panya wakala kona ya kifuniko usiku wa tatu. Kiraka chake kipo hadi leo. Sasa nayeyusha nta na mafuta ya nyonyo ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji moto, napaka kidogo kabla ya masika.

Ndani vinaingia spana mbili, vyuma vya kung'olea tairi, viraka, solusheni na kitambaa cha kuzuia visigongane. Pampu haiingii. Yangu bado naifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu.