Kuvalisha GX100 tairi pana nyuma bila kusugua

Toyota GX100 iwe Mark II, Chaser au Cresta inasukumwa na tairi za nyuma, kwaio kuongeza upana kule nyuma sio urembo tu, ndo maana hata Toyota wenyewe Chaser Tourer V waliitoa kiwandani na 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha shavu kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni inchi za rimu). Ila vijana wengi hapa Mbeya wananunua rimu kwa macho. Inafungwa, inapendeza, alafu siku gari imebeba watu watatu nyuma na gunia la mchele wa Kyela kwenye buti kila tuta ni kwaaa, tairi inalika bega mpaka nyuzi zinaonekana. Pima kwanza, pesa baadae.

Anza na rimu. Gari hizi zina stadi 5 na PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi) ya milimita 114.3, ambayo ndo ileile ya Mustang za zamani za Marekani (wao wanaiita inchi 4.5), kwaio uchaguzi ni mpana sana. Tundu la katikati la Toyota hii ni milimita 60.1, rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi tafuta pete za kujazia, usiache stadi peke yake ndo zishike rimu katikati. Nati nazo uziangalie, nyingi za rimu za Toyota za kiwandani zinakaa bapa na washa yake ila rimu nyingi za nje zinataka nati ya mdomo wa koni, ukichanganya nati inaonekana imekaza kumbe haijakaa, na hilo ndo linalong'oa tairi barabarani.

Sasa ofseti, yani umbali toka katikati ya upana wa rimu mpaka uso wake unaobana kwenye gari, hapa tulia. Geuza rimu, nyuma yake utaona imeandikwa ET na namba. Namba ikiwa kubwa tairi inaingia ndani, ikiwa ndogo inatoka nje. Tuseme sasa una 195 kwenye rimu ya ET50 na unataka 225 kwenye rimu ya inchi 7.5 yenye ET45. Tairi imeongezeka milimita 30, nusu yake 15 inaenda kila upande, alafu ofseti imeshuka 5 kwaio zote zinasogea nje, jumla unapata 20 nje na 10 ndani. Hizo namba mbili ziandike kwenye karatasi ndo uende nazo kwenye gari.

Gari iwe sehemu tambarare, na iwe na mzigo unaobeba kweli, sio tupu. Upande wa nje funga nati kwenye uzi uning'inize toka ukingo wa fenda kama timazi, pima toka uzi mpaka shavu la tairi. Ndani ndo kwenye kazi, weka vigingi vya kushikilia gari, lala chini na tochi, tafuta sehemu tairi iliyokaribia zaidi, inaweza kuwa shokapu, mkono wa juu au bati la ndani, chukua ile nafasi ndogo kuliko zote. Kwenye vipimo hivyo toa zile namba za karatasi, 20 nje na 10 ndani, mimi ndani sikubali ibaki chini ya milimita 8 na nje 10. Wenye difu la ekseli moja na springi za bapa, kama Hilux au hizo Mustang, ndani mpinzani wenu ni springi yenyewe.

Saizi ya tairi nayo ilinde kimo. 195/65R15 ina kimo cha milimita 634.5, 225/45R17 ni 634.3, yani karibu sawasawa, spidi mita haidanganyi na spea yako ya zamani ukiifunga nyuma haitatesa difu. Namba ya mzigo, ile ya baada ya saizi inayoonyesha uzito tairi inaoweza kubeba, isishuke chini ya ile ya mwanzo, mfano 91. Kama ni za mtumba soma zile tarakimu nne za mwisho za DOT (maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi), wiki na mwaka wa kutengenezwa, tairi ya zamani sana achana nayo hata ikiwa na meno marefu.

Spesa, zile bamba za kuwekwa kati ya rimu na gari ili tairi itoke nje, sizipendi. Ukilazimika chukua zile zinazofungwa na nati zake zenyewe. Ukiweka zile bapa za kupachika, nati lazima izunguke angalau raundi 8 kwenye stadi, chini ya hapo toa.

Fenda ikigusa kidogo fundi bodi anaweza kukunja ule ukingo wa ndani, ila apashe rangi moto kwanza, hasa Juni na Julai na hili baridi letu, rangi ikiwa ya baridi inapasuka na bati linaanza kutu.

Ukishafunga bandika udongo wa mfinyanzi pale ndani penye nafasi ndogo, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, torki kama 103 Nm, alafu pakia watu nenda Tukuyu. Ni kama kilomita 70, kuna kona, milima na mvua ya Rungwe, na kwenye mvua punguza mwendo kweli maana tairi pana inaelea juu ya maji mapema kuliko nyembamba. Ukifika angalia udongo, kama umelambwa rudisha rimu dukani kabla haijachubuka, kama uko salama kaza nati tena kabla ya kurudi.