Mashine ya sukari: uliza bei ya stripu kwanza

Ukimnunulia mzazi mashine ya kupima sukari nyumbani, usidanganyike na bei ya mashine. Hiyo unalipa mara moja. Stripu, vile vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, ndizo zitakukamua, maana kila kipimo hula moja. Ya mama kule Ahero ilikuwa rahisi ajabu, ila stripu zake mpaka Kisumu mjini. Ikaishia kabatini, juu ya vikombe vya wageni.

Piga hesabu ya mwezi: mara ambazo daktari amesema apime, zidisha kwa bei ya stripu moja, ongeza nauli. Linganisha na boda ya kwenda kupimiwa kliniki. Na kama anapima mara moja kwa wiki, kopo la stripu 50 ni karibu mwaka mzima. Lakini stripu za aina nyingine huharibika miezi michache tu baada ya kopo kufunguliwa. Soma kopo kabla hujalipa.